Mashine Yangu Haishiki Virusi

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya saba tangu mama afariki. Sijalia. Siyo kwamba najizuia, chozi halina tu pa kutokea.

Kazini bosi kaniita. Amesikia sijui wapi kwamba kompyuta zote zinahitaji kinga ya virusi, hata zisizo za Windows, hata tableti ya kaunta. Nikamjibu papo hapo: zetu za kupangia kurasa ni za aina nyingine, virusi vingi havijatengenezwa kwa ajili yake. Tableti ndiyo kabisa, kila programu imefungiwa chumbani kwake. Kununua kinga ni kumvalisha samaki koti la mvua. Hakucheka. Kasema nimwandikie ukurasa mmoja, aweke kwenye faili. Hapa kiwanda cha uchapaji wananiita Daktari wa Mashine, basi daktari ataandika.

Jumanne, 4 Machi

Kadi za harusi mia tatu, maua hadi kwenye bahasha. Nimezipanga siku nzima bila kukosea. Tangu msiba sikosei kitu, mikono inafanya yenyewe.

Flashi yangu nyekundu imejaa tena. Kila kazi inapita humo: kutoka flashi ya mteja hadi kwangu, kutoka kwangu hadi mashine ya kutoa pleti za kuchapia. Folda ya kadi za harusi inaonekana mara mbili. Moja inafunguka, nyingine haifunguki. Iko hivyo tangu mwezi uliopita, itakuwa imeletwa na mteja. Kwangu haina madhara, sijajisumbua kuifuta.

Ukurasa wa bosi — bado.

Alhamisi, 6 Machi

Dada kapiga simu. Nitakwenda lini kwake kuchukua sauti za mama? Ameuliza kwa upole, na huo upole ndio unaonichosha. Zipo arobaini na moja. Dada alimrekodi kwa tableti ya mama mwenyewe miezi ile ya mwisho: mama akisimulia alivyokutana na baba, mama akisengenya majirani waliokwishahama, mama akibishana na redio. Mimi sijasikia hata moja. Nilikuwa nasema nitasikiliza nikipata nafasi.

Zimebaki kwenye kompyuta ya dada peke yake. Kwenye tableti nilizifuta mimi. Mama aliona tangazo, "Kifaa chako kina virusi kumi na tatu, safisha sasa," naye kwa kuwa alipenda usafi akabonyeza. Kikaingia kitu kinachojiita kisafishaji, matangazo yakafurika hadi kuandika ujumbe ikawa kazi. Dada akahamisha rekodi, nikaifuta tableti yote ianze upya. Nikamwambia mama: tableti haikuugua, kilichoingia umekikaribisha mwenyewe kwa kidole. Mama akasema, sasa mbona hukukionya kidole mapema?

Nimeandika hayo yote na sijasikia kitu. Ni kama ganzi ya kung'olewa jino, unagusa shavu na si lako.

Jumapili, 9 Machi

Nimeenda kwa dada. Shemeji kasema nimekonda. Dada kafungua kompyuta yake, hiyo ya Windows, ya tangu yuko chuoni, kinga yake iliisha muda zamani na hakuna aliyejali. Nimechomeka flashi nyekundu. Imejaa! Nilisahau kuipunguza. Daktari wa Mashine.

Nilipokwenda jikoni kunywa maji dada akaniita: hizi kadi nzuri, lakini folda haifunguki. Nikamwambia achana nayo, ya pili ndiyo yenyewe. Akatazama maua. Nikasema nitarudi wiki ijayo na flashi tupu. Kasema nisikilize japo moja kabla sijaondoka. Nikasema nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote. Nimefika nyumbani nikakaa.

Jumatatu, 10 Machi

Kazi. Kalenda za kampuni ya bima. Hakuna la kuandika.

Jumanne, 11 Machi

Dada katuma picha ya kioo cha kompyuta yake. Faili zote zimebadilika majina, herufi za ovyo, hakuna inayofunguka. Anauliza hii ni nini.

Nimeitazama ile picha muda mrefu. Kisha nimechomeka flashi nyekundu kwenye mashine yangu na safari hii nikaikagua ile folda. Si folda. Ni programu iliyovaa sura ya folda, ya Windows. Kwangu isingeweza kufanya lolote, ndiyo maana ilikaa mwezi mzima imetulia, nikiibeba mfukoni.

Nimemjibu: peleka kwa fundi.

Jumatano, 12 Machi

Fundi kasema hazirudi. Dada hana nakala nyingine, aliziacha hapo akinisubiri nije nichukue zangu.

Bosi kauliza ukurasa wake. Nimesema kesho.

Alhamisi, 13 Machi

Dada kapiga saa nne, yuko dukani kwa fundi. Kasema fundi anang'ang'ania kwamba kitu kimeingia kwa flashi, naye amemkatalia: flashi iliyoingia ni ya mdogo wangu tu, na mashine zake hazishiki virusi, alimweleza hata mama. Shemeji ameshamwambia ni uzembe wake, kubonyezabonyeza vitu mtandaoni. Dada akasema: ongea na fundi, umweleze wewe unayejua. Akampa simu.

Fundi ni mtu mpole. Hakunishtaki. Kauliza tu: hiyo mashine yako isiyougua, flashi zinazopita hapo huwa zinakaguliwa na nani?

Nikasema sikusikii vizuri. Nikakata.

Nipo stoo, nimekaa juu ya marobota ya karatasi. Naogopa. Nimeshangaa kwamba naogopa, kifua kinauma kabisa, hapa katikati, kwa mara ya kwanza tangu Januari. Ningesikiliza japo moja. Jumapili, dakika mbili tu, nimesimama na glasi ya maji.

Simu imeita mara tatu, sijapokea. Sasa kaandika: "Usimkasirikie fundi. Labda ni mimi kweli. Nisamehe mdogo wangu, nimeipoteza sauti ya mama na wewe hata hukuwahi kuisikia."

Nimeandika "Dada" na kidole kimegoma hapo. Yuko hewani. Anaona kwamba naandika. Anasubiri.