Swali Langu Mwenyewe kwa Sheikh

Ibra, Oman

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kwanza niambie habari za goti lako, maana dada Asha kaniandikia kwamba siku hizi unapanda ngazi kwa kushikilia ukuta. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila joto linatukaanga.

Nilikwambia skuli mpya ya serikali ya wasichana imenitaka nisomeshe. Mume wangu Nassor hakukataa, ila alisema, "Muulize Sheikh kwanza. Akisema la, ni la." Huku ndivyo. Sheikh wetu ni mzee, hana cheo cha serikali, lakini talaka, zamu za maji ya mfereji wa falaji, ugomvi wa ndugu, vyote humalizikia kwenye sabla, baraza yake ya wanaume. Mwanamke haingii. Swali lake hupelekwa kwa mdomo na mke wa Sheikh, Bi Salma.

Nikampa langu. Siku ya pili akaniletea jibu: "Sheikh kasema haifai mwanamke kuchanganyika na wanaume kazini."

"Wanaume gani, Bi Salma? Mimi nimesema watoto wa kike!"

"Wallahi mwanangu, mimi nimemwambia kazi ya serikali. Si ndiyo hiyo hiyo?"

Nililia, Mama, sikufichi. Halafu hasira zikanikausha machozi. Nassor akasema yamekwisha, Sheikh haulizwi mara mbili. Nikamjibu kwamba mimi sijamuuliza hata mara moja. Nikachukua kalamu, nikaandika swali langu mwenyewe kwa Kiarabu cha chuo cha Kurani, kibovu kibovu, nikamwambia akalitie mkononi mwa Sheikh. Alikwenda kama mtu anayepelekwa kupigwa sindano, lakini alikwenda.

Baada ya alasiri Sheikh akaisoma ile karatasi mbele ya watu. Nassor anasema aliirudia tena, kisha akasema, "Nimejibu nisiloulizwa. Bibi huyu na asomeshe. Na Mwenyezi Mungu anisamehe, miaka yote hii sijui nimejibu mangapi namna hii." Akaamuru maswali ya wanawake yaje kwa maandishi.

Wanaume wakacheka. Nani katika wake zao anajua kuandika? Sheikh hakucheka.

Kesho yake mlango ukabishwa. Alikuwa Bi Salma, ana daftari jipya chini ya shela. Nilidhani kaja kunigombeza kwa kumuaibisha. Akakaa mkekani, akanyoosha mkono.

"Sheikh kasema nianze mimi. Haya, nionyeshe alifu."

Basi asubuhi nasomesha watoto, alasiri nasomesha mama zao. Shemeji zangu wananuna. Wanune! Sirudi nyuma.

Nisalimie mjomba Hamadi, fundi wa saa, na shangazi Zena mpika mandazi. Bi Mwana, mwalimu wangu wa chuo, mwambie zile fimbo zake nimemsamehe.

Mwanao akupendaye,
Zuwena

Mama, hayo maandishi yaliyopinda hapo chini usidhani ni mtoto kachezea kalamu. Ni jina la Bi Salma. Kaliandika peke yake, anakusalimu.