Baba Amerudi na Anamsubiri Mama

Kwa Catherine, dada yake baba Editha,
S.L.P. 61,
Kiomboi, Iramba.
9 Juni 2024

Mpendwa kaka Nathan,

Shikamoo kaka. Habari za huko Mpanda? Wifi Joyce anaendeleaje na mguu wake, na watoto je, shule inakwenda? Sisi kwa upande wa mwili tu wazima. Editha amerefuka, yuko darasa la tano sasa. Alizeti imekubali mwaka huu, ila mtama ndege waliufanya wao.

Utashangaa kuona naandika kutoka Kiomboi na si nyumbani Ulemo. Nimekimbia, kaka. Ningekupigia simu, lakini kila nikimtaja baba unakata, wala sikulaumu. Naomba hii uisome mpaka mwisho.

Baba ametoka gerezani. Alipata msamaha wa wafungwa wazee mwaka jana, na baba mdogo Mathayo akaenda Dodoma kumchukua. Sikuulizwa. Nilikuwa napepeta mtama uani, nikaona pikipiki mbili zinaingia, ya nyuma imembeba mzee amekonda, ameshika mfuko wa nailoni. Nilijua ni yeye kwa kuyaona masikio yake. Baba mdogo akasema mtu hafukuzwi kwenye mji wake, na mimi ndiye niliyemo humo, basi nimpe chumba cha mbele. Mume wangu yuko machimboni Geita. Ningemwambia nini baba mdogo?

Mwanzoni hakuwa na neno. Alifua nguo zake, aliosha sahani yake, alikaa. Nilimpa shikamoo kutoka mlangoni na kumwachia chakula kwenye kigoda. Hata hivyo nilimwita fundi akatia komeo kwa ndani kwenye chumba changu na Editha, na shoka nikalipeleka kwa jirani. Watu waliniambia nimezidisha. Hao hawakuwepo siku ile.

Hata wewe hukuwepo, ulikuwa bwenini, na hujawahi kuniuliza. Acha nikueleze leo, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini nimekimbia.

Mjomba mkubwa alifariki huko kwao mama, Mungaa. Habari zilifika baba akiwa mnadani, na lori lilikuwa linaondoka, mama akapanda. Aliniachia mimi maagizo. Baba aliporudi nikamwambia mama amekwenda msibani. Hakupiga kelele. Alitoa kigoda akakiweka njiani, mbele ya mji, akawa anakaa pale kutwa, kesho yake tena, na aliyepita akimsalimu anamjibu vizuri. Akimaliza kujibu anasema taratibu, kama anajisemea, "Akirudi atanieleza."

Mama alirudi mchana, amebeba kuku aliyepewa na wajomba. Baba alikuwa ameshachukua mchi wa kinu. Mimi nilikimbia kuita watu, na watu walikuja, lakini mama alikuwa ameshakwisha. Yaliyofuata unayajua: wajomba walikuja kumchukua wakamzika kwao Mungaa na hawakukanyaga tena kwetu. Mimi nilisimama mbele ya jaji Singida nikasema nilichokiona, na kwa maneno yangu baba akahukumiwa kunyongwa, baadaye ikawa kifungo cha maisha. Wewe ulimaliza shule ukaenda mbali. Mimi nikabaki nikiitwa mtoto wa muuaji, na wachumba wawili walirudishwa na mama zao. Baba Editha alinioa kwa kuwa hakuwa wa Ulemo.

Sasa sikia. Baada ya mavuno baba alianza kupoteza kumbukumbu. Mara anatafuta ng'ombe tusio nao, mara anamwita baba mdogo kwa jina la babu. Siku moja nachambua mboga akaja jikoni, akasimama, akaniuliza Anastasia kaenda wapi. Kaka, kusikia jina la mama kinywani mwake, kisu kilinidondoka. Nikasema ukweli kama ulivyo, kwamba yuko Mungaa.

Akaitikia kwa kichwa. Akatoka na kigoda chake. Nilipochungulia nilimwona amekaa njiani.

Nilikwenda kwa baba mdogo hapohapo. Akanambia mzee ni mgonjwa, nisimwogope mgonjwa, na tena baba ni baba. Kesho yake nilikwenda gulioni kuuza kuku, Editha nikamwambia akitoka shule asipite nyumbani, aende kwa jirani. Lakini alikuwa na njaa, akapita.

Narudi nakuta baba amesimama mbele ya mlango na mpini wa jembe. Unajua watu wote husema nimefanana na mama. Editha alikuwa ndani, nyuma yake, nikamsikia analia, "Mama usije."

Baba akaniuliza, "Uliniaga ulipokwenda Mungaa?"

Nikamwambia, "Baba, mimi ni Rahabu. Mimi ni mwanao."

Akasema, "Rahabu yuko shule."

Akainua mpini. Sijui ni Mungu au ni uzee, alipiga mwimo wa mlango, udongo ukaporomoka, na mpini ukamtoka mkononi. Nilipita ubavuni kwake, nikamshika Editha, tukatoka mbio bila hata kanga. Hatukusimama mpaka barabarani. Mtoto alikuwa amejikojolea. Mpaka leo haendi chooni peke yake.

Daktari aliyemwona baba anasema ni ugonjwa wa kusahau, hautapona, na anahitaji mwanamume wa kumwangalia, maana akipiga hatajua anampiga nani. Kwa sasa yuko kwa baba mdogo. Huko asubuhi moja akili ilimrudia, akawauliza, "Nilimuua, sivyo?" Wakamwambia ndiyo. Alilia kama mtu aliyepata msiba siku hiyohiyo, na jioni akawa ameshasahau anauliza tena. Wamemwonea huruma wakaacha kumwambia. Siku hizi akiuliza wanamjibu kwamba mke wake amekwenda kwao, atarudi. Nilipoambiwa hivyo nikakikumbuka kile kigoda njiani. Wanadhani wanamtuliza.

Na wazee wamekaa, wamesema nirudi nimtunze, kwa kuwa mimi ni binti na nyumba ni yake. Nikikataa nitatengwa. Kaka, nimekataa. Nitalima vibarua hapa, nitauza karanga, lakini Editha hatalala tena chini ya paa lile. Hata hivyo usingizi sina. Kila mzee akipita na fimbo hapa nje namwita Editha ndani.

Sikuombi umsamehe, wala sikuombi umchukue. Naomba uje ukae kwenye hicho kikao. Wewe ni mtoto wa kwanza wa kiume, watakusikiliza. Sema baba atunzwe na wanaume, wasimdanganye tena, na mimi niachwe. Mbele ya jaji nilisimama peke yangu nikiwa mtoto. Mbele ya wazee usiniache.

Wifi Joyce msalimie sana, na watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Catherine anakusalimu ingawa hamjaonana, na Editha anasema shikamoo mjomba. Mungu akufunike na watu wako wote, akutoe huko salama.

Ukifika stendi ya Kiomboi, usipande gari la Ulemo kabla hujaniona. Umefanana na marehemu mjomba mkubwa, na sijui baba atakuona nani.

Dada yako akupendaye na anayekungoja,
Rahabu