Nilijua Tumekwisha Kuvuka Kijito

Mpendwa Mama Odette,

Naomba msaada wako, ingawa nakiri kwamba tangu nianze kusoma ukurasa huu nimekuwa nikiwacheka wanaokuandikia, nikijiambia kwamba mtu mwenye akili zake hamwagi mambo yake ya ndani katika jarida linalosomwa saluni zote za Greyville hapa Durban, na sasa nimeketi chumbani kwangu Westville na karatasi ya nne, tatu za kwanza nimezichana, kwa sababu kila mtu ninayemfahamu angeanza kwa kunihurumia, na huruma siistahili.

Nina miaka ishirini na minne, Mtanzania, nasoma shahada ya pili ya biolojia. Nina mchumba nitakayemwita Gosbert, fundi mitambo wa Queensburgh, mtu aliyeingia nchi hii mapema, akapata ukaazi wa kudumu, nyumba na leseni ya bunduki, na katika vitu hivyo vitatu naamini anachokipenda zaidi ni bunduki. Harusi yetu ni Septemba. Sherehe ya kuvishana pete ilikuwa iwe mwezi huu wa Julai, na Gosbert akatangaza dukani kwa rafiki yake Blaise, Mkongo anayeuza simu, mbele ya wateja: "Nyama ya pete yangu hainunuliwi buchani. Mke wangu atakula mbawala niliyemwangusha mwenyewe." Watu wakapiga makofi. Mimi nami nilitabasamu, na tabasamu hilo nataka ulijue.

Akachukua kibali cha kuwinda mbawala dume mmoja katika eneo la serikali huko kaskazini, mwendo wa saa tatu kwa gari, pori ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulikanyaga. Siku ya kuwinda ilikuwa Jumamosi, lakini ofisa wa pale alitusihi kwa simu tufike Ijumaa, bila bunduki, mfuata nyayo wao atutembeze mpaka tuijue mipaka. Kwangu haya hayakuwa mageni. Marehemu baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori Biharamulo, na kwake hiyo ilikuwa sheria: pori usilolijua, siku ya kwanza ni ya miguu, ya pili ndiyo ya bunduki. Hata wakubwa waliotoka Dar es Salaam na viatu vyao vya ofisini aliwatembeza siku nzima wakinung'unika, nami mtoto nikimfuata nyuma, na mara kwa mara alinisimamisha, akanifumba macho kwa kiganja chake na kuniuliza, "Unakanyaga nini?"

Nilimwambia Gosbert twende Ijumaa. Akacheka mpaka akakohoa. "Mtu wa Karagwe afundishwe pori? Mimi nimewinda wewe hujaota meno." Ijumaa yote alishinda kwa Blaise wakisafisha bunduki ambayo tayari ilikuwa safi.

Jumamosi tulifika jua likichomoza, sisi watatu, Blaise akiwemo. Ofisa alitupa ramani, nakala iliyofifia, akasema: "Upande wenu unaishia kwenye kijito. Ng'ambo hakuna kuwinda, watu wangu wanakata mitego ya waya huko." Akataka kutupa yule mfuata nyayo, mtu mzima mmoja aitwaye Baba Ngubane, ambaye siku iliyotangulia alitungoja getini tangu asubuhi hadi jioni. Gosbert akasema hatumhitaji. Baba Ngubane alitusalimia kila mmoja kwa mkono, akachukua koleo lake la kukatia waya, akaenda kufanya kazi nyingine.

Gosbert akatupeleka moja kwa moja kwenye mteremko wa kusini, wenye vichaka vizito na baridi, kwa sababu hivyo ndivyo alivyozoea kwao, ambako jua linapita utosini na mteremko wowote ni mteremko tu. Huku Julai jua limeegemea kaskazini, na asubuhi ya baridi mbawala hutoka kuota jua kwenye mteremko unaolitazama. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ya chini na kwa heshima. "Eish, Profesa," akasema, "huku si maktaba." Blaise akadakia: "Chef, madame iko na kitabu kichwani, sisi tuko na njaa tumboni!" Wakacheka wote wawili, katika pori ambalo mtu hatakiwi hata kukohoa, nami nikafunga mdomo, na si kwa unyonge, Mama, nilifunga mdomo kama mtu anavyofunga mlango kwa ufunguo, nikaapa moyoni kwamba sitamsaidia kwa neno moja hadi jioni, ili arudi mikono mitupu mbele ya watu wale wale waliompigia makofi.

Tulitembea saa tatu bila kuona hata kinyesi kipya. Aibu ikaanza kumharakisha. Tukateremka bondeni kwenye nyasi ndefu zilizokauka, tukapita katikati yake ili tupande upande wa pili, na pale chini kabisa, chini ya nyasi, nilikanyaga mawe. Hayakuwa mawe ya mlimani yenye ncha. Yalikuwa ya mviringo, laini, mawe yaliyosuguliwa na maji kwa miaka. Kijito kile hukauka wakati wa baridi. Wenzangu walikuwa bado wanatazama mbele wakitafuta maji, mimi nilikuwa nimesimama juu ya mpaka wenyewe, na nilijua, nilijua kama ninavyojua jina langu, nikamsikia baba akiniuliza ninakanyaga nini, na sikumjibu. Niliinua mguu nikawafuata.

Tulipopanda kidogo, Blaise akanong'ona: "Iko pale! Iko na mapembe, chef, piga!" Kulikuwa na kitu cha kahawia kimeinama kichakani. Gosbert akapiga. Kilichoinuka kilikuwa mtu mwenye koti la kahawia, na mapembe yalikuwa matawi makavu. Alikuwa Baba Ngubane, ameinama akikata waya. Risasi ilikuwa imepita kwenye kiganja chake cha kulia.

Nilipokuwa nikimfunga mkono kwa kitambaa changu cha kichwa alinitazama, akasema kwa Kiingereza chake cha polepole: "Jana niliwangoja."

Tulimkimbiza hospitali. Vidole viwili vimekatwa. Tukiwa njiani kurudi nilimwambia Gosbert, "Tulivuka kijito." Hakugeuka kunitazama. Alisema, "Hatukuvuka. Ungekuwa unajua, ungesema." Sijawahi kusikia sentensi iliyonifungia pande zote kama hiyo. Yeye na Blaise wameandika maelezo na kuyatia sahihi kwamba hawakuvuka, kwamba Baba Ngubane ndiye aliyeingia upande wa wawindaji bila ruhusa. Naye nyumba anayoishi ni ya kazi. Ikithibitika kwamba alikuwa upande usio wake, kazi inakwisha, na nyumba inakwenda na kazi. Mimi nimebaki shahidi wa mwisho, na ofisa atachukua maelezo yangu tarehe thelathini.

Gosbert hanitishi. Ananibembeleza, na hilo ni baya zaidi. "Yeye watamtafutia kitu," anasema, "mimi watanifunga. Unataka kuolewa na mfungwa?" Nikisema kweli nitamwangamiza mtu niliyekubali kuolewa naye, na nitaulizwa mbele ya wote nilijua lini, na itanibidi nijibu kwamba nilijua kabla ya risasi. Nikinyamaza, nitakuwa nimenyamaza mara ya pili. Siku hizi nikikaa karibu naye namchukia, kisha namhurumia, kisha najichukia mwenyewe, na duru hiyo haina mwisho. Nifanye nini? Je, bado naweza kumpenda?

Ni mimi,
V., Westville

*

Mwanangu V.,

Pole. Hiyo ndiyo pole utakayoipata kwangu, ipokee vizuri, maana baada ya hapa nitakukaripia.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikiwa nasuka mteja, na yule mteja amelalamika kwamba nilimvuta nywele. Umeandika vizuri sana. Umeandika juu ya Gosbert, juu ya Blaise, juu ya marehemu baba yako, juu ya moyo wako unavyozunguka. Mwisho umeniuliza kama bado unaweza kumpenda mchumba wako. Hukuniuliza Baba Ngubane atashikaje kijiko. Mtu amekatwa vidole, anakaribia kutolewa ndani ya nyumba yake, na katika barua yako amekuwa kama jiwe lililoanguka kwenye njia ya harusi. Anza kuona aibu hapo.

Gosbert ana makosa, na ni makubwa. Aliambiwa njooni mtazame pori, akakaa kusugua chuma kilichokuwa safi. Alipewa mtu wa kumwongoza, akamkataa, na mtu huyo huyo ndiye aliyepigwa risasi. Alifyatua kabla ya kuona anachopiga. Halafu alitia sahihi uongo unaomfukuza majeruhi wake. Hayo ni yake, na atayajibu. Lakini wewe unataka kujificha nyuma yake, na mgongo wake hautoshi. Wewe hukusahau. Hukuogopa. Ulijua, ukanyamaza ili aumbuke. Uliitega aibu kwa ajili ya mchumba wako, akanaswa mtu aliyekwenda kukata mitego. Ulitaka mwanamume arudi mikono mitupu. Sasa yupo mwingine asiye na mkono kamili. Hasira yako nadhani ilikuwa ya haki. Mimi pia ningekasirika mtu angeniita Profesa mbele ya rafiki yake huku anapotea. Ningempigia kelele: "Wee Gosbert, simama hapo, huu ni mto!" Angenitukana, tungegombana hadi Durban, pete ingerudi mfukoni mwake, na Baba Ngubane angekula chakula cha jioni kwa vidole kumi.

Na ile sentensi unayosema imekufungia pande zote, "Ungekuwa unajua, ungesema," haijakufungia kitu. Jibu lake lipo, lina maneno mawili: "Nilijua, sikusema." Ni chungu kama shubiri, lakini ukishalimeza hana tena kitu cha kukushikia.

Kuhusu kumpenda, sitakujibu. Ninakujibu kuhusu kuolewa naye: hapana, Septemba hapana. Mwanamume anayeweza kumtupa mtu wa watu nje ya nyumba ili yeye alale yake, siku moja atatafuta mwingine wa kumtupa, na wewe ndiye utakuwa karibu. Akibadilika, mtakutana akiwa ameshayajibu yake nawe umeshayajibu yako. Asipobadilika, utakuwa umemjua kabla ya keki.

Sasa sikiliza, na usinichanie karatasi hii. Usingoje tarehe thelathini. Leo, kabla hujaanza kujitafakari tena, andika yote kwa mkono wako: saa mliyoingia, nani alisema nini, mawe, nyasi, mteremko, na kwamba ulijua. Usipunguze neno hilo la mwisho, na usilipambe. Tafuta mwanasheria, hapo chuoni hawakosekani wa kukuelekeza, ayasome kabla hujayapeleka, maana wewe ni mgeni katika nchi ya watu na huendi ofisini na machozi peke yake. Mwambie Gosbert mchana, dukani kwa Blaise, watu wakiwepo, kwa sababu hapo ndipo alipopigiwa makofi. Usimwombe ruhusa. Mpe taarifa, toka. Akikubembeleza, endelea kutembea.

Ukiwa na nakala iliyogongwa muhuri, nenda kwa Baba Ngubane. Si kabla. Matunda na maua ya mtu ambaye bado hajasema kweli ni hongo. Mwambie ulichofanya kwa maneno ya kawaida, usimtake akusamehe, usilie akaanza kukubembeleza yeye mwenye bandeji. Akikufukuza, ni haki yake.

Kisha umwombe ofisa akurudishe bondeni, umwonyeshe mahali penyewe, kwa sababu karatasi mbili za wanaume zinasema hivi na yako moja inasema vile, na mawe hayana upande. Iwe sasa, kabla mvua haijajaza kijito na kila mtu akadai aliona maji. Nenda bila kitabu na bila bunduki. Vaa viatu vile vile. Baba Ngubane akiweza kutembea na akikubali, atangulie yeye, kama ilivyokuwa iwe Ijumaa ile alipowangoja kutwa. Mkifika chini kwenye nyasi, simama. Mtu akikuuliza unakanyaga nini, safari hii jibu.

Mama Odette