Jicho Langu la Kulia Linasubiri Eldoret

Jumatano, wodi ya wanaume, Lodwar. Feni inazunguka lakini inachofanya ni kugawa joto.

Wacha niseme mapema: kutoka Kitale hadi Lokichoggio hakuna mwendesha boda anayenifikia. Mimi Ewoi nikipita Kakuma, kuku wanavuka kwa adabu na punda wanasogea pembeni wenyewe. Nimewahi kubeba mbuzi wanne, mwenye mbuzi, na kitanda chake juu, na hakuna mbuzi aliyelalamika.

Punda wote wananijua, isipokuwa mmoja.

Huyo alikuwa na madumu ya maji mgongoni, Alhamisi iliyopita, nikishuka kwenye laga, ule mto mkavu wa mchanga. Nilimkwepa, mchanga ukashika gurudumu, nikaruka. Nyusi yangu ya kulia ikakutana na kioo cha pembeni. Helmeti nilikuwa nayo, mtu asinisingizie. Ilikuwa kwenye kiwiko, mahali vijana wote wa steji yetu wanapoivaa, tayari kwa polisi.

Kidonda chenyewe ni kidogo, nyuzi tatu tu. Na jicho ukiliangalia ni zuri kama zamani, jeupe, linaweza hata kumkonyeza mtu. Ndiyo maana watu hawanielewi. Bahati, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ninayepaki naye steji moja, alilitazama akacheka: "Weye unatuchezea, kaka. Jicho iko muzima kabisa."

Alinisindikiza zahanati ya Kakuma siku hiyohiyo, akanisubiri kwenye benchi. Unajua ile karatasi ya ukutani, yenye E kubwa hadi E ndogo kama sisimizi, kila moja imelala upande wake, nawe unaonyesha kwa mkono inaelekea wapi? Shule niliacha darasa la sita, lakini hiyo niliimaliza hadi mstari wa mwisho. Macho yote mawili. Mwenyekiti wa steji alikuwa amesimama mlangoni, maana sheria yake ni moja: aliyeanguka anavuliwa reflekta, habebi abiria hadi kadi ya hospitali iseme anaona sawa. Kadi ikaandikwa. Reflekta ikarudi mgongoni. Nikatoka pale nikitembea kama mheshimiwa.

Jumapili nikagonga mlango wa kanisa. Ulikuwa na mbao mbili, moja wazi, moja imefungwa, na mimi nikaingia na ile iliyofungwa, upande wa kulia. Watoto walicheka. Mama hakucheka. Jioni hiyo tulikuwa Lodwar.

Daktari wa macho hapa ni dada mdogo tu, mpole, hana haraka. Alipeleka tochi kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mboni ya kushoto ikipata mwanga inajikunja. Ya kulia ikimulikwa inapanuka, kama vile hakuna aliyeiambia kumekucha. Nikamtania, "Daktari, naona hata wewe umelipenda."

Alizima tochi, akachukua kalamu.

Baadaye alinieleza. Jicho halina shida. Shida iko nyuma yake, kwenye neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Inapita katika tundu la mfupa, jembamba kama mrija wa soda. Ukigongwa nyusi, mshindo unafika hadi kule. Neva ikivimba haina pa kuvimbia, basi inajinyonga.

Kwanza walinipiga picha ya kichwa, kwa sababu kama ubongo umeumia, dawa yenyewe inaweza kukumaliza. Halafu wakaniwekea dripu ya steroidi, ya kushusha uvimbe. Nikajua ni ile ya wabeba vyuma, nikamwahidi Mama nitarudi na kifua kama mlango wa duka. Daktari akasema nisiitegemee sana. Hata madaktari hawakubaliani: kuna waliopewa wasione tena, na kuna walioachwa bila dawa na macho yakarudi yenyewe.

Kila asubuhi ananiuliza ameshika vidole vingapi, na kila asubuhi namjibu mzaha. Leo nilisema kumi na viwili. Akawasha tochi karibu kabisa. "Na hii, Ewoi?"

Sioni. Hata mwanga sioni.

Kumebaki upasuaji, Eldoret. Wanapitia puani, wanachonga ule mfupa ili neva ipumue. Jirani na hapo kuna mshipa mkubwa wa damu unaoenda kwenye ubongo, na ukiguswa, hatutakuwa tunazungumzia jicho tena. Mama hajui Kiswahili cha hospitali, kwa hiyo nilitafsiri mwenyewe, nikawa mkalimani wa kifo changu. Akauliza kwa nini wanihatarishe hivyo.

Daktari alishika ile kadi ya Kakuma. "Mwambie mama, kama jicho lingezimika palepale alipoanguka, singewasumbua na Eldoret. Mara nyingi hapo neva huwa imeshaharibika, kuchonga mfupa ni kumtesa bure. Lakini siku ya kwanza alisoma hadi mstari wa mwisho. Giza limekuja baadaye. Hiyo inaonekana ni neva iliyobanwa. Hapo pana sababu ya kujaribu."

Nikatafsiri yote, neno kwa neno. Mama akasema "Ejok," sawa, akatia kidole gumba kwenye wino. Sasa hivi amekaa hapa kando ya kitanda anakisugua kwa shuka yake. Bado ni cha bluu.

Mchana Bahati alipiga simu. "Kaka, miye nilikuwa pale kwa benchi. Nilikuona. Utamuambia daktari, ao nikuje miye?" Nikamwambia mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa safi.

Gari la kwenda Eldoret linaondoka kesho saa mbili asubuhi.

Nikisema, hawanipeleki, na giza hili linakuwa langu moja kwa moja. Nikinyamaza, wataingia kichwani mwangu kutafuta kitu ambacho huenda hakipo, na Mama atakuwa nje kwenye benchi, peke yake, mji asioujua. Mimi wa mdomo mrefu, siku nzima nimekosa sentensi moja.

Nimemlaumu punda. Nimelaumu mchanga, helmeti, mwenyekiti na reflekta yake. Leo nawaachilia wote.

Jicho la kulia lilizimika palepale kwenye laga, kabla vumbi halijatua. Na kule zahanati, waliponiambia nifunike jicho la kushoto, nilifunika kwa kiganja, nikaachanisha vidole. Nikachungulia kwa lile zima, E moja baada ya nyingine, hadi ile ya sisimizi. Ndio mtihani pekee niliowahi kupita maishani, na niliuiba.