Shati la Vifungo Saba

Gisenyi, Jumapili

Kaka Hakimu,

Asalaam aleikum. Sisi wazima. Cherehani imepona, na mvua imeturudia.

Uliandika kwamba nimemtupa mdogo wetu Shabani kwa kumpeleka Rugerero, kwenye ile nyumba wanamoishi watu wanne wenye ulemavu wa akili pamoja na wasaidizi wao. Sikukujibu, maana mimi mwenyewe nilikuwa naogopa. Jana nilikwenda bila kuwaarifu. Hata kabla ya salamu nilimkagua mgongo na mikono. Hana alama hata moja, na amenenepa. Ila shati lake la mitumba lilikuwa limefungwa vifungo upande, nikamgombeza msaidizi wake, Vénantie: "Ndiyo munamuvalisha hivi?"

"Hapana, mama. Amevaa ye mwenyewe. Wiki sita alikuwa anajifunza."

Kaka, mimi ni fundi, na miaka yote hii nimemshonea mashati ya kupitishia kichwani, yasiyo na kifungo, ili nimvalishe haraka niwahi kazini. Nilisema hawezi. Sikuwahi kumjaribu.

Shabani alinishika kidole, akanigusisha kifungo kimoja kimoja mpaka cha mwisho, anacheka. Nilirudi nyumbani moyo mwepesi, nikalala kama mtoto.

Leo nimemshonea shati la Idi, jeupe, lenye vifungo saba. Ukija, siku hiyo tuamke mapema, avifunge mwenyewe. Na tafadhali, Kaka, mikono yako ikae mfukoni.

Dada yako,
Nasrine