Ukumbi Uliotaka Kugeuzwa Maegesho

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba goti limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo, ila sauti imenikauka kwa kuimba, na hivi punde utaelewa kwa nini.

Unaukumbuka ukumbi wetu, lile jengo la zege lenye paa bapa na ukuta wa matundu yanayopitisha upepo, ninamofundisha kwaya ya kina mama? Baraza la mji liliamua kulivunja, pawe maegesho ya magari. Mwenyekiti alidai limezeeka, tena sakafu ya juu ingeporomoka wakati wowote. Nikasimama mkutanoni nikamwambia kwamba hata jua likichoma, mle ndani hatuhitaji feni, na kwamba gari halijui kuimba. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Tukadai mhandisi. Akaja mzee mmoja, mgane, mwembamba, amenyooka hivi kwamba kina mama walimbandika jina la Rula. Aligonga nguzo, akachungulia chini ya ngazi, kisha akatuomba tupande juu tuimbe na kucheza kwa nguvu zetu zote, yeye abaki chini na vipimo vyake. Nikamuuliza, "Na tukikuangukia je?" Akajibu taratibu, "Nitakuwa nimekufa nikisikiliza wimbo mzuri."

Tulicheza, dada. Mke wa mwenyekiti, mwimbaji wetu wa sauti ya kwanza, alituzidi sote kwa kuruka, mumewe akimkodolea macho mlangoni. Sakafu haikutikisika. Rula akaandika kwamba jengo ni zima. Baraza lilipokutana tena, maegesho yakahamishiwa kwenye kiwanja kitupu nyuma ya soko. Mwenyekiti hakupinga, nasikia nyumbani alishaambiwa yake.

Sasa lile lililonifanya nizunguke hadi hapa. Kazi ya Rula ilikwisha, lakini kila siku ya mazoezi alikuja, eti kuna ufa anaukagua. Jumamosi nikamuuliza ni ufa gani huo usiokwisha. Akavua miwani, akasema hakuna ufa wowote. Anakuja kwa ajili yangu, kama nitamkubali.

Nimemkubali. Niliogopa utanicheka, bibi mzima mwenye wajukuu. Nicheke, lakini uje. Tutafungia ndoa ukumbini.

Wabusu watoto, na umpe shemeji salamu zangu. Shemeji yako mpya naye anakusalimu. Yupo hapa, anajifanya haoni ninachoandika.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Kwaya