Ushindwe Vyema Mwanangu

Shoga, nimekwisha. Nimejifungia chooni hapa hapa kwenye usaili.

Asubuhi mama mkwe kaniandikia: "Ushindwe vyema mwanangu."

USHINDWE! Siku ya usaili!

Damu ikanichemka. Nikamjibu: "Ushindwe wewe, na ulegee!"

Nikampigia mume wangu kumshtakia mama yake. Akacheka hadi akapaliwa. Kumbe mama alitaka kusema "ushinde vyema". Miwani yake imevunjika tangu juzi, anaandika kwa kubahatisha!

Nikakimbilia kufuta ujumbe wangu. Kwa haraka nimeufuta kwangu tu. Kwake upo!

Na keshajibu. "Amina mwanangu, nawe pia."

AMINA, shoga! Mimi nilidhani ananilaani, yeye kadhani namtakia mema.

Miwani yake inatoka kwa fundi kesho.